Kinga ya masikio kwa wapiga shabaha na wawindaji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kweli mlio mmoja tu wa bunduki unaweza kuharibu sikio?

Ndiyo. Kwa milio ya ghafla, mpaka unaotambuliwa na wataalamu wengi ni desibeli 140 kwenye kilele. Shirika la Afya Duniani limeweka 140 kwa watu wazima na 120 kwa watoto. Sasa angalia bunduki zenyewe: ile ndogo ya kaliba .22 yenye mtutu mrefu hugusa 140 hivi. Bastola ya 9mm na bunduki ya marisau ya geji 12 huwa kati ya 150 na 165. Bunduki za kuwindia wanyama wakubwa hufika 165 na kuendelea, na zikifungwa breki mdomoni mwa mtutu, ile yenye matundu yanayotupa gesi pembeni, aliyesimama ubavuni anaweza kupokea zaidi ya 170.

Desibeli hazipandi kama kilo kwenye mzani. Kila zikiongezeka 20, shinikizo la hewa linakuwa mara 10, na nishati mara 100. Kwa hiyo 160 si "140 na kidogo". Ndani ya koklea, sehemu ya ndani kabisa ya sikio, kuna seli zenye vinyweleo vinavyotikiswa na sauti. Mlio mkali huzivunja kwa sehemu ya sekunde isiyotosha hata kupepesa jicho, na seli hizo hazioti tena kwa binadamu.

Nimepiga bunduki miaka mingi bila kinga na bado nasikia. Kwa nini nianze leo?

Kwa sababu madhara haya huanzia mahali ambapo mtu hatambui haraka. Bunduki hula kwanza sauti nyembamba, kati ya hetsi (mitikisiko kwa sekunde) 3,000 na 6,000, na kwenye odiogramu, yaani chati ya kipimo cha usikivu, huonekana shimo karibu na hetsi 4,000. Mazungumzo ya ana kwa ana chumbani yanabaki sawa. Kinachopotea ni konsonanti nyembamba: s, f, sh, t. Mtu anaambiwa "shika" anasikia "fika", na analaumu wenzake kwamba wanatafuna maneno. Penye kelele za watu wengi ndipo hali inapojidhihirisha.

Kuna dalili nyingine ya wazi kwa wanaotumia bunduki ndefu. Anayepigia bega la kulia huwa sikio lake la kushoto ndilo linaloelekea mdomo wa mtutu, huku la kulia likijificha kwenye kivuli cha kichwa. Sikio la kushoto likianza kupungua kuliko la kulia, chanzo hakihitaji uchunguzi mrefu. Kwa anayepigia bega la kushoto, ni kinyume chake.

Kilichopotea hakirudi, lakini kilichobaki bado kinalindika.

Vizibo vya kuingiza ndani au vifuniko vya juu: kipi ni bora?

Kinachoziba vizuri kwenye kichwa chako. Jibu hili huwaudhi watu wanaotaka jina la bidhaa, lakini ndilo la kweli. Tundu dogo tu la kupitisha hewa linatosha kufuta sehemu kubwa ya kinga, hasa kwa sauti nzito.

Kifuniko ni rahisi kuvaa sawasawa, kinavaliwa na kuvuliwa haraka, na ukiwa mbali unaweza kuona kama mwenzako amekivaa. Kasoro zake ni joto, uzito, na kugongana na miwani, kofia na kitako cha bunduki. Kizibo cha sponji ni chepesi, hakigusi kitako, na kikiingia vizuri hupunguza sauti kuliko vifuniko vingi. Tatizo lake ni hilo "kikiingia vizuri": watu wengi hukiacha nusu nje.

Anayeanza, au anayempeleka mgeni uwanjani, achukue vifuniko. Anayewinda siku nzima au kupigia bunduki ndefu ajifunze vizibo. Penye bunduki nzito au paa juu ya kichwa, vitumike vyote viwili.

Namba za NRR na SNR kwenye pakiti zina maana gani?

Ni makadirio ya desibeli zinazopunguzwa, yaliyopimwa maabara kwa watu waliovalishwa kwa uangalifu. NRR ni mfumo wa Marekani, SNR ni wa Ulaya. Bidhaa ileile huwa na SNR kubwa kidogo kuliko NRR, mara nyingi kwa desibeli 3 hivi au zaidi, kwa hiyo usilinganishe pakiti mbili zenye mifumo tofauti ukadhani yenye namba kubwa imeshinda.

Watu halisi hawafiki namba hizo. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ilipendekeza NRR ikatwe robo kwa vifuniko, nusu kwa vizibo vya sponji, na asilimia 70 kwa vizibo vingine. Chukua kizibo cha sponji chenye NRR 32: baada ya kukatwa kinabaki na 16. Kifuniko chenye NRR 28 kinabaki na 21. Ndiyo maana kwa mvaaji asiye makini, kifuniko chenye namba ndogo humlinda kuliko kizibo chenye namba kubwa. Kwa mvaaji makini hesabu inageuka, maana sponji iliyoingia hadi ndani inaweza kukaribia namba ya pakiti.

Jambo jingine ambalo pakiti haisemi: NRR hupimwa kwa kelele inayoendelea, si kwa mshindo. Kutoa 21 kwenye 160 ni makisio ya kukuongoza tu. Kipimo cha mshindo wenyewe kipo, katika kiwango cha Marekani cha ANSI S12.42 cha mwaka 2010, na baadhi ya watengenezaji hukiandika. Kikiwepo, kisome hicho kwanza.

Nawezaje kuingiza kizibo cha sponji ipasavyo?

Osha mikono kwanza. Mafuta ya bunduki na masalia ya baruti hayana kazi ndani ya sikio.

Shika kizibo kwa vidole vya mkono wa upande uleule wa sikio na ukisokote taratibu, ukianza kwa kukandamiza kidogo na kuongeza nguvu, mpaka kiwe kama kijiti chembamba kisicho na mkunjo. Mkunjo ni mfereji wa sauti. Ukiuona, kiache kijae, uanze upya. Sasa pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, ushike ncha ya juu ya sikio na kulivuta juu na nyuma. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, nayo ndiyo inayonyoosha njia ya sikio, ambayo kwa kawaida imepinda. Sukuma kizibo upesi kabla hakijaanza kujaa, kisha kishikilie kwa ncha ya kidole sekunde 20 hadi 30. Ukiachia mapema, sponji inayojaa hujisukuma nje yenyewe. Kwenye baridi inajaa polepole zaidi, basi ongeza muda.

Kagua. Ukitazamwa kutoka mbele, kizibo kisionekane kikichomoza. Halafu funika masikio yote mawili kwa viganja huku kukiwa na kelele ya kawaida, uachie, ufunike tena. Sauti ikibadilika sana ukifunika, kizibo hakijaziba. Ishara nyingine ni sauti yako mwenyewe: kizibo kilichokaa hukufanya ujisikie kama unaongea ndani ya mtungi. Wengi huichukia hali hiyo na kukivuta nje kidogo, na hapo ndipo kinga inapoondoka.

Kikikataa kuingia au kikiuma baada ya dakika chache, ni kikubwa mno; tafuta saizi ndogo. Kikitoka kila unapofungua kinywa, huenda ni kidogo mno, au hakikuingia vya kutosha. Masikio mawili ya mtu mmoja yanaweza kuhitaji saizi mbili, wala si ajabu.

Wakati wa kutoa, kizungushe polepole ili kuachia hewa. Kukichomoa kwa ghafla kunavuta kiwambo cha sikio.

Nikivaa miwani, vifuniko bado vinafanya kazi?

Vinafanya, ila kwa hasara. Mkono wa miwani unapita chini ya mto wa kifuniko na kuacha upenyo mbele na nyuma yake. Mikono minene inaweza kukugharimu desibeli kadhaa. Miwani ya kukinga macho huwezi kuiacha uwanjani, kwa hiyo rekebisha upande wa pili. Chagua miwani yenye mikono myembamba na bapa. Chagua vifuniko vyenye mito laini, ile ya jeli hujikunja kuzunguka mkono wa miwani vizuri kuliko sponji ngumu. Au vaa vizibo chini yake na umalize ubishi.

Nywele nene, hereni, kofia ya sufu na ukingo wa kofia vina kosa lilelile. Vuta nywele nyuma, toa hereni, na kofia ivaliwe juu ya utepe wa vifuniko au isiguse mito kabisa.

Kitako cha bunduki kinasukuma kifuniko changu. Nifanyeje?

Hili huwapata wanaoweka shavu kwenye kitako. Kikombe kinene cha kifuniko kinagonga kitako, kinainuka kwa chini, na mlio unaingia palepale wakati wa kufyatua. Mbaya zaidi, kikombe kilikuwa kimekaa sawa ulipokikagua ukiwa wima. Kikague ukiwa katika mkao wa kulenga, bunduki ikiwa tupu: ukisikia sauti za nje zinaingia shavu linapogusa kitako, kifuniko hicho hakifai kwa bunduki hiyo.

Dawa ni vifuniko vyembamba vilivyokatwa sehemu ya chini, ambavyo vina NRR ndogo kidogo kwa kuwa ujazo wa kikombe umepungua, au vizibo. Wapiga bastola hawana shida hii. Wao wachukue vikombe vikubwa.

Ni lini nivae vizibo na vifuniko pamoja?

Ndani ya jengo, chini ya paa, karibu na ukuta, penye breki ya mdomo wa mtutu, kwa bastola zenye nguvu na bunduki ndefu zenye mtutu mfupi, na siku yoyote unayopanga kupiga risasi nyingi. Ndani ya jengo mlio haukufikii mara moja tu: kuta, dari na sakafu vinaurudisha, na wa jirani unaongezeka juu ya wako.

Usitarajie kujumlisha namba. NRR 30 na NRR 25 hazifanyi 55. Kanuni ya kawaida ni kuchukua kinga iliyo kubwa na kuongeza desibeli 5 hivi. Ikikaa vizuri sana unaweza kupata hadi 10. Zaidi ya hapo sauti inapitia mifupa ya fuvu lenyewe, na hakuna kizibo kinachozuia njia hiyo. Lakini 5 si haba, na faida nyingine haiandikwi kwenye pakiti: kimoja kikilegea, cha pili bado kipo.

Vifuniko vya kielektroniki ni vya maana au ni mapambo?

Kwa mwindaji na kwa msimamizi wa uwanja, ni vya maana kabisa. Maikrofoni za nje huchukua sauti ndogo, kama hatua kwenye majani makavu, mnong'ono wa mwenzako au amri ya "sitisha", na kuzikuza ndani. Mlio ukipita kiwango fulani, mara nyingi desibeli 82 au 85, spika za ndani huacha kuupitisha. Faida kubwa kuliko zote ni kwamba mtu hana sababu ya kuvivua ili asikie. Kinga inayovuliwa kila dakika tano ndiyo inayosahaulika shingoni mlio wa kwanza unapotoka.

Watangazaji hupenda kutaja kasi ya kuzima, milisekunde ngapi. Usikeshe kwa hilo. Sauti ya nje inazuiwa na kikombe na mto, ambavyo vipo muda wote. Elektroniki inasimamia tu kile spika inachotoa. Ndiyo maana betri ikiisha katikati ya zoezi bado umelindwa kama aliyevaa vifuniko vya kawaida. Na ndiyo maana kifuniko cha kielektroniki chenye NRR ndogo hakifai peke yake ndani ya jengo, hata kiwe na maikrofoni nzuri namna gani. Vaa vizibo chini yake, ongeza sauti ya spika, na utasikia mazungumzo kupitia vizibo.

Unaponunua, angalia haya. Maikrofoni mbili zinazofanya kazi kila moja kwa upande wake, la sivyo hutajua sauti imetoka kushoto au kulia. Jinsi kinavyoshughulikia mlio: vingine hukata sauti yote kwa muda kisha kuirudisha, na hapo amri ya msimamizi inaweza kupotea, vingine hubana mlio tu na kuacha mazungumzo yaendelee, na hivi ndivyo bora. Vifuniko vya maikrofoni dhidi ya upepo, kwa kuwa upepo usiozuiwa huvuma masikioni kutwa. Sehemu ya betri isiyoingiza jasho. Na kujizima chenyewe baada ya saa kadhaa, maana kila mtu husahau.

Mwelekeo wa sauti hautakuwa mkamilifu hata kwa maikrofoni mbili, kwani umbo la sikio la nje, linalosaidia kutambua sauti ya mbele na ya nyuma, limefunikwa. Usiamue aliko mwenzako kichakani kwa kusikia tu.

Vipi vizibo vyenye kichujio, vinavyoruhusu mazungumzo?

Vina tundu dogo sana ambalo sauti ya kawaida hupita, lakini hewa ya mshindo hushindwa kupenya kwa urahisi. Mshindo ukiwa mkubwa zaidi, kizuizi kinaongezeka. Havina betri na havina kelele ya upepo. Vinafaa kuwinda mahali pa wazi, kwa risasi chache. Havifai ndani ya jengo wala mahali pa kelele inayoendelea, kwa sababu kelele isiyo ya mshindo hupita karibu yote. Vingine vina kifuniko cha kuziba tundu. Kabla ya kufyatua mfululizo, kifunge.

Na vya kuchongewa kwa kipimo cha sikio?

Hupendeza kuvaa siku nzima, na kukosea kuvivaa ni vigumu. Si lazima vizuie zaidi ya sponji. Ubora wake wote uko kwenye kipimo: mtaalamu hukagua sikio, huweka kizuizi ndani, kisha hujaza silikoni. Mwambie unapigia bunduki ya kitako, ili kipimo kichukuliwe huku taya likiwa wazi. Kikichukuliwa ukiwa umefunga kinywa, kizibo kitalegea kila ukiongea au ukiweka shavu kwenye kitako. Mwili ukinenepa au kukonda sana, njia ya sikio nayo hubadilika, kwa hiyo kikaguliwe upya. Kwa mtoto anayekua ni kutupa fedha.

Nina kizuia sauti kwenye mtutu. Bado nahitaji kinga?

Mara nyingi ndiyo. Kizuia sauti kizuri hupunguza desibeli 20 hadi 35. Bunduki ya 165 inashuka hadi kati ya 130 na 145, yaani bado iko jirani na mpaka. Tena risasi inayokwenda kasi kuliko sauti hutoa mpasuko wake yenyewe angani, na kifaa kilichofungwa mdomoni hakiugusi. Kikitumika pamoja na vizibo, hapo ndipo kinapotoa faida kamili. Sheria za kukimiliki zinatofautiana sana kati ya nchi na nchi. Zisome kabla ya kununua.

Pamba, ganda la risasi, vidole, au headphone za muziki?

Pamba huzuia kidogo mno kuwa kinga. Ganda la risasi haliziba, linachubua, na linaweza kukwama. Vidole vinahitajika kwingine. Headphone za kuondoa kelele zimetengenezwa kwa mngurumo unaoendelea kama wa injini ya ndege, si kwa mshindo. Vifaa vya kusaidia kusikia, hata vikizimwa, navyo si kinga: vingi vina tundu la hewa. Vitoe, vitunze mahali pakavu, uvae vifuniko.

Watoto wanaotazama wavae nini?

Vifuniko vya saizi yao, vinavyobana bila kuteleza wakitikisa kichwa. Vya mtu mzima huacha pengo chini ya sikio, chini ya taya. Vizibo vya sponji si vya watoto wadogo: wanavitafuna na wanaweza kupaliwa. Kikomo chao ni desibeli 120, kwa hiyo umbali nao ni kinga. Wakae nyuma ya mstari wa kufyatulia, mbali kabisa na ubavu wa bunduki. Mtoto mchanga asifike.

Vifaa hivi hudumu muda gani?

Kizibo cha sponji ni cha matumizi machache. Kikichafuka, kikiwa kigumu au kikichelewa kujaa, tupa, kukiosha hakukifufui. Vya silikoni vioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, vikaushwe kabisa.

Mito ya vifuniko hukauka na kupasuka kwa jasho, jua na mafuta ya ngozi. Kwa mtumiaji wa mara kwa mara, ibadilishwe kila miezi 6 hadi 12, pamoja na sponji ya ndani ya kikombe. Ufa mdogo kwenye mto ni sawa na mlango wazi. Utepe wa kichwani nao huchoka: usiuhifadhi ukiwa umetanuliwa, wala usiuache kwenye dashibodi ya gari juani. Dawa ya kufukuza mbu yenye DEET huyeyusha plastiki nyingi, basi ipake na unawe mikono kabla ya kushika vifuniko. Ukihifadhi vifaa vya kielektroniki kwa muda mrefu, toa betri. Zikivuja zinaharibu vyuma vya ndani vinavyogusana nazo.

Masikio yanavuma baada ya kupiga. Nifanye nini?

Acha kupiga siku hiyo. Mvumo, au hisia ya masikio kuziba, ni alama kwamba kinga haikutosha, hata kama itaisha jioni. Kaa mbali na kelele. Usichokonoe kwa kijiti cha pamba ukidhani ni nta. Kijiti husukuma nta ndani zaidi.

Mvumo ukiendelea hadi kesho yake, au usikivu ukishuka ghafla, au kukiwa na maumivu, kizunguzungu au damu, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo bila kuahirisha. Tiba za kupungukiwa usikivu kwa ghafla hufanya kazi vyema zaidi zikianza katika siku za mwanzo. Mweleze silaha, idadi ya risasi, sikio lipi, na ulivaa nini.

Mpiga shabaha wa kawaida apimwe usikivu mara moja kabla hajapata tatizo, ili kuwe na cha kulinganishia, kisha kila mwaka. Kabla ya kipimo, kaa mbali na milio kwa angalau saa 14, la sivyo kipimo kitasoma uchovu wa sikio badala ya hali yake halisi.